Uzoefu wa Kuazima

Machi 3

Nimeanza kuandika humu kwa sababu nikimweleza Shangazi atacheka, na nikimeza peke yangu itanikaba.

Leo ulikuwa usaili wa sita. Walikaa watatu nyuma ya meza. Yule wa katikati aliviangalia vyeti vyangu kimoja kimoja, kwa heshima kabisa, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Cheti cha ufundi wa kompyuta. Cha mitandao. Cha ulinzi wa mifumo. Akauliza, "Na ulikuwa unafanya kazi wapi?"

"Bado sijaajiriwa kwenye fani hii. Ila nimefanya mazoezi mengi nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwa shangazi yangu."

Wa kushoto akakohoa ili asicheke. Wa katikati akavipanga vyeti vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili. "Binti, umesoma. Lakini sisi tunataka mtu mwenye uzoefu wa miaka miwili. Ukiupata, rudi."

Sikumwuliza nitaupata wapi ikiwa kila mlango unataka nije nao mkononi. Nilisema asante, nikashuka ngazi. Nje masika yalikuwa yameanza, matone makubwa, mazito. Nilifika nyumbani viatu vya usaili vinalia kama vyura.

Machi 4

Saluni ya Shangazi ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Sinki moja, draya mbili, kioo kirefu chenye ufa pembeni. Mimi ndiye muosha nywele. Draya zote mbili zikiwashwa huku kompyuta yangu imechomekwa chumba cha nyuma, umeme unakatika na wateja wanapiga kelele, kwa hiyo mimi husoma draya zikipumzika.

Vyeti vyangu Shangazi amevitia fremu, akavitundika juu ya kioo. Wateja wageni huvitazama kwa mbali, kisha hukaa kwa imani. Leo mmoja alinishika mkono: "Nimeona wewe umesomea. Nishughulikie wewe mwenyewe, wengine huvuta nywele."

Nikamwosha kichwa kwa cheti cha ulinzi wa mifumo.

Machi 9

Kinanda kapata kazi!

Tulisoma pamoja darasa la jioni. Jina hilo tulimpa kwa sababu anachapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama. Mitihani yote tulifanya siku moja, na yote nilimzidi. Yeye mwenyewe ndiye anayewatangazia watu. Kachukuliwa na kampuni inayosambaza dawa hospitalini. Ofisi, ghala, vyumba vya baridi, kompyuta kila kona.

Nilimpigia kumpongeza, nikamwuliza walisema nini kuhusu uzoefu.

"Nilipeleka barua."

"Ya nani?"

"Ya binamu yangu. Kaandika kwamba nimemfanyia kazi ya kompyuta miaka mitatu."

"Binamu yako si anauza vigae?"

"Dukani kwake kuna kompyuta."

Tulicheka mpaka nikakaa chini. Kisha akasema, sauti ikiwa imeshuka: "Nikuombee na wewe? Ni kazi ya dakika tano tu. Usiwe mtakatifu kuliko njaa."

Nikamwambia nitafikiria.

Machi 10

Nimefikiria. Nimekataa. Shangazi hajui habari hii, ila najua angesema nini: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Machi 12

Mvua. Hakuna simu.

Machi 16

Simu ilikuwepo, lakini ya Kinanda. Nilikuwa na kichwa cha mtu sinkini. Alikuwa ananong'ona.

"Idara ya mauzo nzima haina mtandao. Mhandisi katoka. Wananiangalia."

Mhandisi ni mkuu wake wa kitengo, mama mfupi asiyepandisha sauti. Kinanda anamwogopa kama mtihani. Nilifunga taulo kichwani kwa mteja, nikaenda chumba cha nyuma. Nikamwambia fungua hapa, soma namba hii, sasa soma ile ya mashine ya jirani. Zilikuwa zinagongana, mashine mbili zimepewa anwani moja. Nikamwelekeza. Nikasikia upande wa pili watu wakishangilia, na mmoja akisema, "Huyu kijana ni moto!"

Nilirudi sinkini povu limemkaukia mteja wa watu. Nilimwomba radhi. Lakini nilimsuuza nikiimba.

Machi 18

Kapiga mara mbili.

Machi 19

Mara nne. Shangazi kauliza kama nimepata mchumba. Nimesema ni mambo ya shule. "Shule gani hiyo inayong'ang'ania mpaka wakati wa chakula?"

Machi 27

Nataka kuandika hili kwa ukweli kwa sababu najua nitakuja kulipamba.

Kinanda alisema kuelekezwa kwa simu kumeanza kuwashtua watu. Akaweka kwenye kompyuta yake programu ya kumruhusu mtu wa mbali kuingia, akanitumia nenosiri lake. "Ingia mwenyewe, urekebishe, utoke. Mimi nitakuwa nimekaa hapo nachapa."

Kutompa mtu nenosiri lako, na kutotumia la mtu: hilo liko ukurasa wa kwanza wa kitabu, kabla hata ya yaliyomo. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata. Nilikaa na ule ujumbe tangu asubuhi mpaka wateja walipopungua. Kisha nikaingia.

Mungu wangu. Kitabuni kila kitu kina jina na mshale. Kule kuna mashine imebatizwa USIGUSE. Kuna folda inaitwa "mpya", ndani yake "mpya kabisa", ndani yake "tumia hii". Kuna waya unaoelekea mahali ambapo hakuna anayepajua. Nilikuwa kama mtu aliyesoma kuogelea kwa barua, leo katumbukizwa mtoni. Na nikaelea.

Aprili 2

Mhandisi kamwambia Kinanda ana mkono safi. Kanisimulia akicheka.

Nilicheka pia. Baadaye nikaosha vichwa vya watu kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, mpaka Shangazi akaniambia, "Hizo ni nywele, si sufuria."

Aprili 8

Leo alikuja mke wa Kinanda. Mimba imekuwa kubwa, anakaa kwa kujishikilia. Nilimlaza kichwa sinkini, nikafungulia maji ya vuguvugu. Alifumba macho. Nilipokuwa nasugua nyuma ya masikio akasema, taratibu, bila kufumbua:

"Mume wangu anakupigia mara ngapi kwa siku?"

Maji yaliendelea kutiririka. Shangazi alikuwa hatua chache tu, anasuka, na vidole vyake vikasimama.

"Ni mambo ya kazi, wifi."

"Kazi yake au yako?"

Nikisema yake, ni uongo. Nikisema yangu, namvua nguo mumewe.

"Huwa anatoka nje ya nyumba kuongea," akaendelea. "Mvua ikinyesha anasimama chini ya paa la jirani. Nimekuja kukuangalia usoni tu. Niambie kitu kimoja. Nijifungue kwa amani au nijifungue nikilia?"

"Jifungue kwa amani," nikamwambia. "Wallahi hakuna hicho unachokifikiria."

Akafumbua macho, akaniangalia kinyumenyume kutoka sinkini, muda mrefu. "Basi kipo kingine," akasema.

Nilimkausha, nikamchana. Alipoondoka Shangazi hakuniuliza chochote. Hilo ndilo lililonitisha.

Aprili 14

Usaili wa saba. "Umewahi kusimamia mtandao unaotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja?"

Wiki hii peke yake nilikuwa nimeirudisha mashine ya wahasibu iliyogoma, nimewaondolea virusi watu wa mauzo, nimezuia barua pepe za matapeli. Jibu lilinijia mpaka menoni.

"Hapana," nikasema.

Niliporudi nilimwambia Kinanda nimechoka. Akaniomba nimvumilie mpaka athibitishwe kazini, kisha ataniombea nafasi. "Nitakuingiza humu ndani, dada. Mungu shahidi."

Aprili 20

Mvua haijakatika tangu Ijumaa. Ukuta wa chumba cha nyuma umeota ukungu.

Mhandisi kampa Kinanda kazi kubwa: kukagua mashine inayolinda lango la mtandao wa kampuni, kuona njia zipi ziko wazi, zipi hazitakiwi, na kuandika ripoti. Yeye kanipa mimi. Nilikaa nayo tangu asubuhi. Kila njia nilisoma ni ya nani, inapitisha nini. Nyingi zilikuwa na maelezo. Moja haikuwa nayo: haina jina la aliyeifungua, haina sababu, inatuma vitu nje kwa namba isiyojulikana, tena mara chache sana. Kitabu kiko wazi: usichokijua, kifunge. Ndiyo njia wezi wanazopendelea.

Nikaifunga. Nikaandika kwenye ripoti kwamba nimeifunga na kwa nini. Nikamwambia Kinanda, "Hiyo moja mwulize Mhandisi leo hii hii."

"Ndiyo, ndiyo."

Aprili 21

Mhandisi kaipenda ripoti. Kaipeleka kwa wakubwa hata kabla ya kuimaliza. Kinanda anasema huenda akathibitishwa mwezi huu huu.

"Ulimwuliza kuhusu ile njia?"

"Iko kwenye ripoti, dada. Ataisoma."

Aprili 24

Radi. Umeme umekatika mtaa mzima tangu alasiri. Shangazi kawarudisha wateja nyumbani na taulo zetu vichwani.

Aprili 25, Jumamosi

Nitaandika yote, kwa mpangilio.

Kinanda alipiga asubuhi. Hakunong'ona. Alikuwa anapumua kama mtu aliyekimbizwa.

Umeme ulipokatika jana, jenereta ya ghala iliwaka, ikafanya kazi kidogo, ikazima. Kwenye chumba kimojawapo cha baridi, kinachoitegemea jenereta hiyo peke yake, joto likaanza kupanda taratibu. Humo mlikuwa na insulini na chanjo. Kila chumba kina kifaa cha kupima chenye betri, na joto likipita kiwango kinatuma ujumbe kwenye simu ya mlinzi wa zamu na simu ya Mhandisi, na mlinzi anakwenda kuwasha jenereta ya pili. Jana ujumbe haukuja. Mtunza ghala alipofungua leo alikuta vuguvugu. Dawa yote ya chumba kile ni ya kuteketeza.

"Wanasema mlinzi alilala," Kinanda akasema. "Kaapa hakuona ujumbe wowote. Wamemsimamisha. Ni mzee wa watu, kalia mbele yetu."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikiweka chini.

"Ujumbe wa chumba cha baridi unapitia wapi kutoka nje?"

Akaendelea na habari za yule mlinzi.

"Kinanda. Unapitia wapi?"

"Kwenye mtandao. Sijui. Kwani vipi?"

Nilikuwa tayari nafungua kompyuta. Umeme ulikuwa umerudi kwetu na kwao. Niliingia kwa nenosiri lake, nikaenda kwenye ile njia isiyo na maelezo, nikafuata namba yake nyuma mpaka kwenye chanzo. Haikuwa ya wezi. Ilikuwa inaanzia kwenye kifaa kidogo kilichofungwa ukutani mwa ghala. Ilitumika mara chache kwa sababu joto lilipanda mara chache. Na pembeni yake imeandikwa: imefungwa, Aprili 20, na jina la Kinanda.

Jina lake, mkono wangu.

Nilitoka uani, nikasimama kwenye mvua.

Nilipokaa tena mbele ya kompyuta nilijua kwamba vyumba vingine viwili bado vina dawa, na mvua ilikuwa inapiga bati kama inatafuta mtu. Nikaifungua ile njia. Nilifungua kwa sababu umeme ungeweza kukatika tena jioni. Lakini najua mtu mwingine angeiitaje: angesema nimefuta nyayo. Kuokoa na kuficha vilikuwa ni kubofya mara moja tu.

Nikampigia Kinanda. Nikamwambia ni mimi, ni ile njia, nenda kwa Mhandisi sasa hivi.

"Umeifungua?"

"Nimeifungua."

Alishusha pumzi. "Basi imekwisha. Alhamdulillahi. Hakuna atakayejua."

"Na mlinzi?"

"Mlinzi atapata lango jingine. Malango yako mengi mjini." Kisha sauti ikamvunjika. "Mtoto wangu anazaliwa mwezi ujao. Ukisema, unamzika baba yake. Unanielewa? Mimi sikukuambia ufunge kitu. Nilikuambia uandike ripoti."

Akakata.

Hilo la mwisho ni kweli. Ndilo linaloniuma.

Aprili 26

Sijala. Nimejifanya naumwa tumbo.

Aprili 27

Asubuhi alikuja mteja wetu wa siku nyingi, yule mpishi wa shule. Hakutaka kusuka, alitaka kuosha tu, haraka, ana safari ya hospitali. "Mama yangu ana sukari," akamwambia Shangazi. "Jana tumezungushwa mchana kutwa. Wanasema sindano zake hazijaletwa, zimeharibikia huko ghalani. Mlinzi mmoja kalala usingizi, watu wanateseka. Mtu kama huyo ningemtia adabu kwa mikono yangu."

Kichwa chake kilikuwa mikononi mwangu. Nilimaliza kukisuuza, nikafunga maji, nikamwambia Shangazi tuongee nyuma.

Nilimweleza kila kitu nimesimama. Nenosiri, simu, ripoti, njia. Nilitegemea atapiga kelele. Alikaa juu ya kitanda changu, akafungua aproni, akaikunja magotini.

"Umeua mtu?"

"Sijui, Shangazi."

"Basi twende ukajue."

"Wanaweza kuniitia polisi."

"Wanaweza." Akasimama. "Vaa viatu vya kufungwa, kuna matope."

Alifunga saluni mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya msiba wa mumewe. Tulikwenda chini ya mwavuli mmoja. Getini palikuwa na mlinzi kijana, mgeni, asiyejua hata vitufe vya lango. Shangazi akabaki mapokezi, amekaa wima kama anasubiri daktari.

Mhandisi ni mfupi kweli. Ofisi yake haina dirisha. Ina mashine zinazovuma na sweta juu ya kiti. Nilimwambia mimi ni nani na nimefanya nini. Hakunikatiza. Nilipomaliza alisogeza kiti cha pili mbele ya kompyuta yake.

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akaanza kuuliza, na kila swali lilikuwa fupi. Kwa nini hii na si ile? Ulijuaje inatuma nje? Ulipoona haina maelezo, ulifikiri nini? Ungefanya nini kingine?

"Ningeuliza kwanza."

"Ungemwuliza nani? Hukuwepo hapa." Alisema bila ukali, kama mtu anayesoma kipimo. "Ndiyo hasara ya kuingia kwa mlango wa uani, binti. Nyumba unaiona, wenyewe huwaoni."

Ilinijia kwamba huo ndio usaili wa kwanza maishani mwangu nilioulizwa kazi yenyewe. Nikaona aibu kwa kuliwaza hilo wakati ule.

Akamwita Kinanda. Aliingia akitabasamu, akaniona, tabasamu likabaki usoni kama limesahauliwa.

"Unamfahamu huyu?"

"Hapana, mama."

Nilimtazama. Tumekula chakula sahani moja miaka miwili, tukisubiri mwalimu afungue darasa.

"Hujawahi kumwona?"

"Sijawahi, mama. Labda amekosea ofisi."

Mhandisi akanigeukia. "Mpigie."

Nikabonyeza. Simu ikalia mfukoni mwa Kinanda, ikalia, ikalia, na yeye amesimama mikono chini, hata hakuizima. Sote watatu tukaisikiliza mpaka ikakata yenyewe.

"Kaa chini, baba," Mhandisi akamwambia, kwa upole kabisa. Akakaa. Akaanza kulia kama mtoto, na mimi nikamwangalia nikitafuta hasira ndani yangu nisiione.

Tuliandika maelezo yetu, kila mtu ya kwake. Kabla sijatoka Mhandisi aliongea akiangalia ile mashine, si mimi.

"Ile njia niliifungua mimi, vyumba vya baridi vilipojengwa. Nilitakiwa niandike ni ya nini. Nikasema nitaandika kesho. Na ripoti niliipeleka kwa wakubwa sijafika mwisho wake, kwa sababu kurasa za mwanzo zilinifurahisha. Hayo nitawaeleza mwenyewe. Mlinzi nitakwenda kumwomba radhi nyumbani kwake leo." Kisha akanitazama. "Wewe siwezi kukuahidi hutaitwa polisi, hilo si langu. Na siwezi kukuajiri. Usije ukaomba."

"Siombi, mama."

"Ila umekuja. Hilo nitaliandika pia."

Nilimkuta Shangazi pale pale. Nilimwambia Mhandisi kasema hospitali zimeazimana dawa, mpaka sasa hawajasikia aliyekufa. Alisema Alhamdulillahi, akanyanyuka, magoti yakalia.

Aprili 30

Mama yake yule mpishi alilazwa siku mbili. Karudi nyumbani. Nilimwambia mpishi kwamba si mlinzi, ni mimi. Akachukua mkoba wake, akatoka. Hajarudi tena saluni, na sitegemei.

Mei 5

Kinanda kaachishwa kazi. Mimi wameniandikia barua ya onyo. Wanasheria wao wamesema hawataendelea na jambo. Mlinzi karudi langoni.

Mei 6

Mvua.

Mei 13

Mke wa Kinanda kajifungua mtoto wa kike. Nilipeleka nguo za mtoto. Alinipokelea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Alikuwa amembeba yule mtoto begani, na nyuma yake nilimwona Kinanda amekaa sakafuni anakunja nepi, hakuinua uso.

"Uliniambia nijifungue kwa amani," mkewe akasema.

"Nilisema."

"Nimejifungua kwa amani. Vingine vyote ndivyo sina." Akazipokea nguo. "Sijui nikuchukie au nikushukuru. Nikijua nitakuja kuosha nywele."

Zamani nilimwona ni mwanamke wa wivu tu. Kumbe ndiye peke yake kati yetu aliyekuwa anauliza maswali yanayotakiwa.

Mei 15

Shangazi kaviondoa vyeti ukutani, bila kuniuliza. Nikadhani ananionea aibu. Kumbe ukungu umeanza kuingia kwenye fremu. Kaviweka kabatini kwenye shuka zake za wageni.

Mei 20

Usaili wa nane. Chuo cha wauguzi, wanatafuta mtu wa kusaidia watumiaji wa kompyuta. Meza ndefu, watu watatu, mmoja ana mafua.

"Una uzoefu gani?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema sina. Mdomo ukasema vingine. Niliwaeleza: wiki kadhaa za kazi ya kweli, kwa nenosiri la mtu mwingine, kwenye mtandao nisiostahili kuugusa. Niliwaeleza nilivyorekebisha, na nilivyofunga njia nisiyoijua, na kilichoharibika chumbani, na mzee aliyesimamishwa. Mwenye mafua aliacha kupenga.

"Kwa nini unatuambia?" akauliza mwanamke wa pembeni. "Tusingejua."

"Mmeniuliza nina uzoefu gani. Huo ndio nilionao."

Wakatazamana. Wa katikati akauliza jina la mkuu wa kitengo na namba ya simu ya ile kampuni. Nikampa. Nilitoka nikijua nimejichimbia kaburi na kulifukia.

Mei 23

Hakuna simu. Shangazi anasema aliyesema kweli hukosa usingizi siku ya kwanza tu. Nimemwambia leo ni siku ya tatu.

Mei 25

Wamepiga! Miezi mitatu ya majaribio. Yule mwanamke alisema walizungumza na Mhandisi. Nikauliza alisema nini.

"Alisema hawezi kukuajiri. Tukamwuliza kama anatushauri na sisi tusikuajiri. Akasema, 'Hilo sijasema.'"

Mei 28

Siku ya kwanza kazini. Mvua imekuwa manyunyu, mawingu yamepasuka mahali.

Walinipa meza karibu na choo, na jina la kuingilia la kwangu mwenyewe. Sikumaliza hata kurekebisha kiti, simu ikalia: msajili wa chuo, printa haichapi na wanafunzi wamejaa mlangoni. Nilipanda ngazi mbili mbili. Ofisini nikakuta mama mzima mwenye miwani kwenye kamba, kazungukwa na mafaili, na ndoo katikati ya chumba inapokea maji kutoka darini.

Nilitaka kunyoosha mkono kwenye mipangilio. Nikaurudisha.

"Samahani, mama. Kabla sijagusa. Nani mwingine anatumia printa hii?"

Akashusha miwani, akanipima juu mpaka chini. "Una muda gani kwenye kazi hii?"

"Tangu saa mbili asubuhi."

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili na robo.

"Basi unamzidi wa jana," akasema, akisogeza ndoo kwa mguu ili nipite. "Yeye hakuja kabisa. Printa anaitumia mhasibu wa chumba cha pili, na mwalimu wa maabara. Waya wake uko huku chini. Angalia usigonge kichwa."

Nikapiga magoti, nikaingia chini ya meza.